Kibuyu cha Matulo na Ng'ombe wa Kwenye Kompyuta

Mimi shule nilipita nje. Si ati sikuiona, niliiona kila siku nikienda kuchunga, na watoto walikuwa wananiimbia "ee, bii, sii" kupitia dirisha. Lakini leo ukifika Kitale, kwa ofisi ya chama chetu cha wafugaji, uliza ni nani aliokoa kompyuta. Hawatakuonyesha mtu wa digrii. Watakuonyesha soja wa geti, na huyo ni mimi, bana. Nimesimama kwa hiyo geti mpaka geti imeanza kunifanana. Sasa nikikuhadithia, toa chumvi kidogo, lakini usitoe yote, kwa sababu ingine ni kweli.

Kwanza ujue chama chenyewe. Tuko watu wa Trans-Nzoia na sisi wa kutoka Bungoma, na kazi yetu ni ng'ombe wa maziwa. Zamani habari ya ng'ombe ilikaa kwa kichwa ya mwenye ng'ombe: huyu ni mtoto wa yule mwekundu, baba yake ni fahali wa jirani aliyevunja ua. Siku hizi iko kwa kompyuta. Kila ng'ombe ana namba kwa sikio. Ukigonga hiyo namba, anatokea yeye, mama yake, nyanya yake, baba yake, siku alipozaliwa na kila sindano amewahi kudungwa. Kuna watu hapa Kitale hawajui babu yao alitoka wapi, na ng'ombe wao anajua ukoo wake mpaka ng'ambo ya bahari. Na hiyo karatasi ya ukoo si mchezo. Mtamba mwenye karatasi anaenda mnadani kama bibi harusi. Mtamba bila karatasi ni nyama inayotembea.

Mwenye kuchunga hao ng'ombe wa kwenye kompyuta ni binti mmoja. Wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka upande wa kati, yeye akazaliwa hapa hapa. Siku ya kwanza aliniamkia, "Habari ya asubuhi, guka." Nikashtuka. Kwetu babu ni kuka, na hapa mtoto wa watu ananiita hivyo hivyo, ni vile tu yeye amekohoa kidogo mwanzoni. Kuanzia siku hiyo nikajua nimepewa mjukuu bure.

Siku moja akaniuliza, "Guka, wewe hapa unalinda nini?"

"Si ofisi."

"Ofisi iko na nini?"

"Iko na viti, meza, kompyuta, na ile birika ya chai ya mwenyekiti."

Akacheka. "Mtu akiiba viti, tutakaa chini. Lakini mtu akiingia kwa orodha ya ng'ombe abadilishe baba ya ng'ombe mmoja tu, wewe utajua?"

Hiyo swali ilinikosesha usingizi wiki mbili. Sawa, siku mbili. Mimi miaka yote nilikuwa nalinda ukuta, na kumbe wezi wa siku hizi hawaruki ukuta. Akanifundisha pole pole, wakati wa chai, na mimi kichwa yangu haina masomo lakini haina matobo.

Ya kwanza ilikuwa neno la siri la kufungua kompyuta. Kabla binti aje, neno lenyewe lilikuwa jina la fahali wetu mkubwa, yule amezaa nusu ya bonde. Sasa fikiria. Huyo fahali tunamtaja kwa maombi kila tukifungua mkutano! Hata kunguru wa Kitale walikuwa wanajua hilo jina. Binti akalibadilisha, na akampa kila mtu lake. Daktari wa mifugo anaandika sindano peke yake, yule wa uzazi anaandika uzazi peke yake. Mwenyekiti akataka afunguliwe kila mahali. Binti akamwambia, "Mwenyekiti, kuona utaona. Kubadilisha, hapana." Mwenyekiti alivimba shingo mpaka kola ikalia.

Ya pili ilikuwa watu wa simu. Mmoja alipiga simu ya geti, ati yeye ni fundi wa kompyuta kutoka Nairobi, anataka hilo neno la siri atengeneze kitu kwa haraka. Nikamwambia, karibu sana, kuja getini na kitambulisho, nikupekue mifuko, nikuvue viatu, halafu tutaongea. Mpaka leo bado yuko njiani.

Ya tatu ndiyo ilinipa heshima. Kila Ijumaa binti alikuwa anatoa kopi ya ng'ombe wote, anaiweka kwa flashi, kale kadude kadogo kama jino la ng'ombe. Kopi moja inabaki imechomekwa nyuma ya kompyuta. Kopi ya pili ananipa mimi, kwa sababu mimi wikendi narudi nyumbani Matulo, karibu na Webuye. "Guka, hii lazima ikae mbali na kompyuta," akasema. "Hata ofisi ikiungua, hata mafuriko yakuje, ng'ombe watakuwa kwako." Ananiletea mpya, narudisha ya zamani.

Sikia, mimi nikipanda gari ya Webuye na hiyo flashi kwa mfuko, nilikuwa naketi wima. Wengine wamebeba kuku mmoja, mimi nimebeba maelfu ya ng'ombe, na hakuna hata mmoja anayelia!

Lakini kuiweka ilinisumbua. Ya kwanza niliisahau kwa suruali, mama watoto akaifua, akaipiga kwa jiwe, akaianika kwa kamba pamoja na soksi. Ya pili niliweka kwa sanduku chini ya kitanda, panya akala kifuniko. Binti alikuwa ananiangalia tu. Sasa Ijumaa moja nikaketi jikoni nikajiuliza: hapa nyumbani ni kitu gani hakijawahi kupotea, hakijawahi kuoza, panya hajagusa, mdudu hajagusa? Nikaangalia juu.

Mbegu.

Kwetu mbegu ya msimu unaokuja huwezi kuweka ovyo. Mahindi yananing'inia juu ya jiko, kwa moshi. Maharagwe yanaingia kwa kibuyu na majivu, mdomo wa kibuyu unazibwa kwa mavi ya ng'ombe, na kibuyu kinapanda kwa uchaga juu ya moto. Moshi ukipita hapo kila siku, mdudu akikaribia anakohoa anarudi. Nikaona, si hii flashi ni mbegu ya ng'ombe? Nikaifunga kwa karatasi ya nailoni, nikaitia ndani ya kibuyu katikati ya maharagwe, nikajaza majivu, mama watoto akaziba. Nikamwambia, "Hii usimpe mtu. Hata nani. Mpaka mimi mwenyewe niseme." Akaniambia, "Tangu lini nikatoa mbegu?" Kweli, huyo mama mbegu yake hata njaa imewahi kumwomba akaikatalia.

Sasa ingia Jumanne iliyofuata. Mwenyekiti akaja na wageni wa mnada, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na mnada wa mitamba. Pale getini nilipekua kila mtu. Mama mmoja nilimtoa panga kwa kikapu, mzee mwingine nilimpata na jogoo ndani ya koti, na jogoo alikuwa amenyamaza kabisa kama ana hatia. Lakini mfuko wa shati ya mwenyekiti, nani atatia mkono?

Nilipopeleka chai ndani, nikakuta wamesimama mbele ya kompyuta. Mwenyekiti ameshika flashi. Anataka kuonyesha wageni video ya sherehe ya binti yake, siku watu wa mahari walikuja.

Binti wa kompyuta akasema, "Mwenyekiti, flashi za nje hatuweki hapa."

"Hii si ya nje. Ni ya nyumbani kwangu."

"Hata ya kwako. Haijapimwa, inaweza kuwa na kitu."

"Iko na mbuzi na watu wanacheza! Weka, hiyo ni amri."

Wageni wanaangalia. Binti akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia birika. Akaiweka. Mbuzi wakatokea, watu wakacheza, wageni wakapiga makofi, na mimi nikamwaga chai kwa sahani za watu.

Jumatano asubuhi kompyuta ikafunguka ikiwa nyekundu yote, kama jicho la mtu ameamka na hasira. Hakuna ng'ombe. Kuna maandishi ya kizungu tu. Binti akasoma, akaketi chini. Kulikuwa na mdudu ndani ya ile flashi ya sherehe, sio wa mahindi, wa kompyuta. Aliingia usiku kwa usiku akafunga kila ng'ombe ndani ya sanduku la chuma, na wenye mdudu, watu tusiowajua wako wapi, wakaandika wanataka walipwe ndio wafungue. Na ile kopi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta? Nayo amefunga. Wewe, ng'ombe wetu wote wameibiwa na hakuna hata mmoja ametoka zizini!

Kamati ikaitwa mbio. Mwenyekiti akaongea mpaka madirisha yakatetemeka. "Mwenye ufunguo wa hii kitu ni huyu msichana. Jumamosi ni mnada, na hakuna karatasi hata moja. Kama mpaka leo jioni ng'ombe hawajarudi, achukue mkoba wake arudi kwao."

Binti akaangalia sakafu. Hakusema ya flashi. Atasema namna gani, na huyo ni mwenyekiti? Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona kila kitu kwa macho yangu mawili, na mdomo ukakataa kufunguka. Hiyo sitii chumvi. Nilinyamaza, na nikasikia aibu imenishika shingo kama kola ya mwenyekiti.

Binti akanifuata getini. "Guka, ile kopi ya Ijumaa. Iko?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Mahali salama sana. Jikoni."

"Kwa kabati?"

"Juu."

"Juu ya kabati?"

"Juu ya moto."

Akashika geti kwa mikono miwili. "Guka. Umechoma ng'ombe?"

"Sijachoma! Nimefukiza tu. Na iko kwa majivu, na maharagwe, na juu nimeziba na..." Hapo nikaona nisimalizie.

Machozi yakamtoka na kicheko pia, vyote pamoja. Akasema, "Hakuna ingine. Iletwe tu." Yeye akabaki kuosha kompyuta, maana ilibidi afute kila kitu ndani mpaka iwe tupu kama siku ilinunuliwa, ndio huyo mdudu asipate mahali pa kujificha. Mwenyekiti kusikia kuna kopi, akasema pikapu ni yake, ataendesha mwenyewe mpaka Matulo. Nikasema twende pamoja. Akanijibu, "Wewe baki getini, nani atashika zamu?" Akaenda akiwa amekasirika, vumbi ikabaki nyuma mpaka chai ya saa nne.

Saa sita simu ikalia. Mwenyekiti.

"Mzee, bibi yako amekataa! Ameketi mlangoni na mwiko!"

"Weka simu kwa sauti kubwa nimwambie."

Akaweka. Na mimi huku nikaweka, binti akakuja akasimama karibu. Nikasikia kuku wa kwangu, nikasikia majirani. Matulo yote ilikuwa imejaa kwa boma yangu, hata watu wa Chwele nadhani walifika.

"Mama, mpe mwenyekiti kibuyu."

"Wewe ni nani?"

"Si mimi!"

"Kila mwizi wa simu ni 'si mimi'. Juzi mmoja alinipigia, analia kabisa, ati ni kijana wangu amelazwa Kitale. Na kijana wangu alikuwa hapa mbele yangu anakula ugali!"

"Sauti yangu huijui?"

"Sauti mtu anaweza kuiga. Uliniambia nisimpe mtu mpaka wewe useme. Sasa kama ni wewe, jibu hii. Ng'ombe wa mwisho wa mahari, yule ulileta kwa papa, kwa baba yangu, alikuwa na nini?"

Wacha nikwambie. Huyo ng'ombe ni vita ya ndoa yangu. Alikuwa chongo. Niliwaletea nikimvuta kwa upande wa jicho zuri, nikamfunga karibu na ghala, jicho baya likiangalia ukuta. Baba mkwe alikuja kujua baadaye, mimi nimeshakula, nimeshapewa bibi. Na tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja: ng'ombe alitoka kwetu na macho mawili, jicho lilipotelea kwao. Nimesema hivyo kwa harusi, kwa matanga, kanisani, mbele ya wajomba zake. Wewe miaka yote hiyo!

"Hakuwa na kitu," nikasema.

"Wewe ni mwizi. Toka kwa simu." Akakata.

Binti akaniangalia. "Guka, shosho amekata?"

"Network ni mbaya."

"Guka."

Sikuwa na mahali pa kuangalia. Birika haikuwa hapo. Huyu mtoto ataenda nyumbani jioni na mkoba wake kwa ajili ya kosa ya mtu mwingine, na mimi nilishanyamaza mara moja asubuhi. Nikapiga tena.

"Mama. Alikuwa chongo."

Huko Matulo nikasikia mwiko umewekwa chini.

"Jicho gani?"

"La kushoto."

"Liliharibikia wapi? Kwenu ama kwetu?"

"Kwetu. Kabla sijamleta."

"Sijasikia vizuri."

"KWETU! ALIKUWA CHONGO KABLA SIJAMLETA!"

Pale barabarani Kitale bodaboda wawili walisimama kunitazama. Na huko Matulo kicheko kilipasuka, bana, nikadhani simu itayeyuka. Mwenyekiti ndiye alikuwa anacheka kushinda wote, mpaka akaanza kukohoa. Mama watoto akasema, taratibu kabisa, "Huyo ndiye mzee wangu. Mwenyekiti, nawa mikono, nikupatie."

Saa tisa pikapu ikarudi. Mwenyekiti alishuka amekumbatia kibuyu kama mtoto wa kliniki. Hakukifungua, maana aliambiwa na mama watoto asifungue. Tukakipasulia ofisini, kwa gazeti. Majivu yakaruka, maharagwe yakamwagika, daktari wa mifugo akapiga chafya tatu, halafu nailoni ikatokea, nyeusi tititi. Ofisi yote ikanuka nyama choma. Mtu wa kamati akasema, "Hao ng'ombe wameiva."

Binti akafungua nailoni. Ndani flashi ilikuwa safi. Akaipangusa na kitambaa chake, akaipima kwanza kwa mashine ingine kama haina mdudu, halafu akaichomeka kwa kompyuta iliyooshwa. Ile taa yake ndogo ikakonyeza. Ikazima. Mimi nikaomba kwa lugha zote ninazojua, na zile sijui. Ikakonyeza tena, ikaendelea kukonyeza, na ng'ombe wakaanza kuingia. Wa kwanza, wa pili, na mama zao, na nyanya zao, wanapanda kwa kioo mstari kwa mstari kama wanatoka mtoni. Waliokosekana ni ndama watatu tu waliozaliwa baada ya Ijumaa, na hao nilikuwa nao kwa kichwa, maana wenye ndama walipita getini wakinieleza. Nikawataja: rangi, mama, siku. Binti akaandika mimi nikisema. Mimi, mtu aliyepita nje ya shule!

Watu wakaanza kupiga makofi. Mwenyekiti hakupiga. Alikuwa amesimama na majivu kwa shati, pale pale kwa mfuko.

"Ngojeni," akasema. "Huyu mzee leo amekubali mbele ya Matulo nzima kwamba ng'ombe wake alikuwa chongo. Mimi nitashindwaje? Hiyo flashi ya Jumanne ilikuwa yangu. Msichana alinikataza, nikamlazimisha. Haendi mahali." Akamgeukia binti. "Mama, pole."

Binti akajibu, "Asante, mwenyekiti. Sasa nisaidie kuokota maharagwe." Na akaokota, nakuapia, mwenyekiti mzima kwa magoti!

Jumamosi kila mtamba alienda mnadani na karatasi yake. Hizo karatasi zilikuwa zinanuka moshi. Haiwezekani, najua, zilitoka kwa mashine. Lakini mimi nilizisikia.

Sasa getini kwangu kuna ndoo ya bluu. Ukiingia, flashi yako inabaki kwa ndoo, uwe daktari, uwe pasta, uwe nani. Wa kwanza kuitumbukiza alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Na kila Ijumaa nabeba ng'ombe wangu mpaka Matulo, na mama watoto anawapandisha kwa uchaga. Binti alinunua kisanduku cha chuma, ati kiko sawa zaidi. Tunakitumia. Kiko ndani ya kibuyu.

Halafu kitu kimoja bado. Ile kelele yangu ya simu ilifika kwa shemeji zangu kabla ya jua kuzama. Wakaja wanne, wamevaa kofia, wakakaa, wakanywa chai, wakaangalia zizi langu. Nikajua wamekuja kwa deni la lile jicho. Mwezi uliofuata nikawapelekea mtamba, mzuri, namba kwa sikio. Safari hii nilimvuta katikati ya barabara mchana kweupe, na kila nikikutana na mtu namzungusha aone pande zote. Binti alinitolea karatasi ya ukoo, na pale chini, mahali pa maelezo mengine, nikamwomba aandike kitu, akaandika, na hiyo kopi iko juu ya moshi mpaka leo, hakuna mtu wa kuibadilisha: macho, mawili.